Nani Ashike Daftari? Utafiti wa Kiharusi na Siri za Wagonjwa wa Kajiado

Asili ya mkanganyiko

Tarehe 4 Desemba 2025 serikali za Kenya na Marekani zilitia sahihi mjini Washington mapatano ya ushirikiano wa afya ya miaka 5, ambayo kwayo Marekani iliahidi dola bilioni 1.6, nayo Kenya ikajifunga kuongeza fungu lake yenyewe. Na kabla ya nusu ya mwezi kupita, Mahakama Kuu, kwa ombi la shirikisho la watumiaji bidhaa, ikaisimamisha kwa muda ile sehemu ya mapatano iliyohusu kuhamishwa kwa taarifa za afya za Wakenya kwenda nje. Serikali ilisema kwamba zitakazotolewa ni jumla za hesabu tu, zisizo na jina la mtu. Wapinzani wakasema kwamba taarifa ikishatoka nchini hairudishiki, na kwamba jambo la siri kama hilo halikustahili kufungwa pasipo wananchi kushauriwa. Baina ya kauli hizi mbili mtu wa kawaida alibaki hajui ni taarifa zipi zinazozungumzwa, ziko mikononi mwa nani, wala zinatakiwa kwa kazi gani.

Mkanganyiko wenyewe haukuanza Desemba. Katikati ya mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa malipo ya takriban shilingi 7,000, mpaka serikali ilipoipiga marufuku shughuli hiyo mwezi wa Agosti. Na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru alama zile zifutwe. Oktoba 2023 zilitiwa sahihi sheria nne za afya, miongoni mwazo Sheria ya Afya ya Kidijitali. Julai 2024 Mahakama Kuu ikazibatilisha tatu kwa sababu ya upungufu wa ushirikishwaji wa umma. Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha ubatilisho huo. Na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu wote huiita SHA, ikashika mahali pa NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, kila mtu akitakiwa ajisajili upya. Mkazi wa Kitengela aliyepitia hayo yote katika muda wa miaka miwili na kitu, kisha akabishiwa hodi na mtu mwenye simu anayemwuliza umri wake, shinikizo lake la damu na maradhi ya wazazi wake, ana haki ya kushuku.

Lakini shaka isiyobagua huumiza pasipostahili. Daftari la hospitali, linaloandikwa ili mgonjwa atibiwe, ni jambo moja. Kumbukumbu za bima, zinazoandikwa ili malipo yafanywe, ni jambo la pili. Hesabu za serikali, zinazokusanywa ili dawa na wauguzi wagawanywe, ni la tatu. Na utafiti wa ilimu, unaotaka kujua maradhi yanatoka wapi, ni la nne. Kila moja lina mwenyewe, lina sharti lake na lina hatari yake. Katika makala haya nitalishughulikia la nne, na hasa utafiti wa maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo, kwa kuwa hapo ndipo haja ya taarifa na hofu ya taarifa zinapogongana kwa nguvu zaidi kuliko katika maradhi mengine mengi.

Maradhi yasiyongoja

Kiharusi hutokea kwa njia mbili: ama mshipa wa ubongo huziba kwa damu iliyoganda, na sehemu iliyokuwa ikilishwa nao ikafa, ama mshipa hupasuka, damu ikavuja ndani ya ubongo au juu yake. Dalili za nje hufanana, mdomo kwenda upande, mkono na mguu kulegea, ulimi kuwa mzito. Walakini tiba ya mmoja ni hatari kwa mwingine, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hufaa ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, yaweza kumwua yule ambaye mshipa wake umepasuka. Ndiyo maana tabibu hathubutu kuitoa mpaka aone picha ya kichwa kwa mashine ya CT, na ndiyo maana umbali wa hospitali ni sehemu ya maradhi yenyewe.

Kaunti ya Kajiado yafaa sana kutazamwa kwa jambo hili, kwa sababu ina nyuso mbili. Sensa ya 2009 ilihesabu humo watu 687,312. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840, na kati yao 154,436 walikuwa Kitengela, mji uliovimba ukingoni mwa Nairobi kwa wahamiaji kutoka kila pembe ya Kenya, wanaoamka kabla ya alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku. Upande wa pili, chini ya Kilimanjaro, katika njia itokayo Emali kwenda Loitokitok, iko Kimana, ambako mkulima wa nyanya na vitunguu hunyunyiza shamba lake kwa maji ya chemchemi za mlimani na jirani yake mfugaji huswaga ng'ombe kandokando. Mgonjwa wa Kitengela, msongamano wa magari ukimhurumia, aweza kufika Nairobi katika muda wa tiba. Mgonjwa wa Kimana aghalabu atakuwa angali anatafutiwa gari muda huo unapokwisha. Kwa wa kwanza swali ni la matibabu. Kwa wa pili swali ni la kinga, kwa maana tiba haitamwahi.

Na kinga yategemea kujua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza uliona kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliofanywa katika nchi 32, ulionyesha kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa, shinikizo la damu likiwa kichwa chake, ndiyo yanayoeleza takriban tisa ya kumi ya hatari yote ya kiharusi. Hayo ni ya dunia nzima. Ya Kimana ni yapi? Hesabu za kila mwezi ambazo vituo vya afya vya Kenya huzipeleka juu kwa mfumo wa kompyuta tangu mwaka 2011 huhesabu mahudhurio, hazimfuati mtu. Zaweza kutuambia wangapi waliandikiwa shinikizo la damu Machi na wangapi Aprili. Haziwezi kutuambia kama yule wa Machi alipooza Novemba, wala kama alikufa nyumbani pasipo kuandikwa popote.

Hapa ndipo penye fundo la mambo yote, nalo lastahili kukaziwa macho. Kinachoipa taarifa manufaa kwa mtafiti wa kiharusi ni kule kuunganishwa: kipimo cha leo na ajali ya mwakani, dawa aliyopewa na siku aliyokufa, mtu yule yule. Na kinachoifanya taarifa iwe hatari kwa mwenyewe ni kule kule kuunganishwa. Kauli ya serikali kwamba ni jumla tu zitakazotoka humtuliza mwananchi, lakini haimsaidii mtafiti. Na utafiti wenye faida ya kweli hauwezi kufanywa kwa jumla tu. Mwenye kuahidi vyote viwili, usalama kamili na manufaa kamili, ama hajafahamu au hasemi kweli.

Yaliyokwisha kujulikana, na jinsi yalivyojulikana

Afrika ya Mashariki si ngeni kwa utafiti huu. Mwaka 1929 tabibu Mwingereza, Donnison, aliyetumikia Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la matabibu la London kwamba katika miaka miwili, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakumwona hata mmoja wa shinikizo la damu. Na watu wapatao 1,000 aliowapima hawakuonyesha lile shinikizo la kupanda kwa umri ambalo Wazungu walilidhania ni tabia ya uzee. Mwaka 1931 Orr na Gilks walichapisha, pia London, ripoti yao juu ya miili na lishe ya Wamaasai na Wakikuyu, iliyopimwa na kulinganishwa kwa ratili na inchi. Baadaye Mmarekani George Mann aliwachunguza Wamaasai wa Tanganyika, akaona lehemu chache katika damu ya watu wanaoishi kwa maziwa na nyama. Na mwaka 1972, baada ya kuichunguza mioyo ya Wamaasai 50 waliokufa, akaeleza kwamba mafuta yalikuwemo mishipani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka hata damu ikapita. Kazi hizi zimetajwa na kutajwa tena katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Mmaasai aliyepimwa alikuwa hoja katika mjadala wa watu wengine juu ya siagi yao.

Kazi mbili za baadaye zinatugusa kwa karibu zaidi. Ya kwanza ni uchunguzi wa Poulter na wenzake, wakiwemo Wakenya, uliochapishwa mwaka 1990, ambao uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Waluo magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, ukawalinganisha na waliobaki nyumbani. Shinikizo la wahamiaji lilipanda mapema, katika miezi ya mwanzo mjini, sambamba na kuongezeka kwa chumvi mwilini mwao. Hakuna mji unaolingana na somo hilo zaidi kuliko Kitengela. Na somo lenyewe lisingalipatikana kwa jumla za mahudhurio, kwani ilibidi mtu mmoja mmoja afuatwe kwa jina na kwa nyumba.

Ya pili ilifanywa upande wa pili wa mlima ule ule unaotazamwa kutoka Kimana. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, na katika sehemu ya Dar es Salaam, Richard Walker na wenzake wa Tanzania waliwaandika wagonjwa wote wapya wa kiharusi tangu 2003 hadi 2006: wagonjwa 636, kati yao 453 wakiwa Hai. Walipotafuta natija kwa kusawazisha umri, waliona wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 huko Dar es Salaam, tarakimu iliyozidi zile za nchi nyingi tajiri. Waliokufa kabla ya kufika hospitalini hawakusahauliwa, kwa sababu jamaa zao waliulizwa nyumbani, kwa utaratibu, dalili alizokuwa nazo marehemu. Pasipo hilo, Hai ingaliandikwa kuwa haina maradhi. Wenzao waliochunguza itikadi wakaona jambo lililowashangaza wengi, nalo ni kwamba watu wa mjini ndio waliokuwa wepesi zaidi kukinasibisha kiharusi na mashetani na uchawi, ilhali wa Hai walielekea sababu za kimaumbile. Hili lingekuwa gumu kuamini kama halikuandikwa.

Tena ilibainika katika utafiti huo wa Tanzania kwamba virusi vya UKIMWI vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoandamana na kiharusi. Fikiri maana yake: ili hilo lijulikane, ilibidi siri inayoogopwa kuliko zote iwekwe kando ya maradhi ambayo kila jirani huyaona kwa macho.

Hoja ya wanaotaka taarifa zifunguliwe

Wanaotaka watafiti wapewe taarifa kwa wepesi husimama juu ya msingi imara. Kwanza, tusipohesabiwa tutatibiwa kwa hesabu za wengine. Vipimo vya kumkadiria mtu hatari ya kiharusi vilitokana kwa sehemu kubwa na Framingham, mji mdogo wa Massachusetts ambao tangu 1948 watu wake 5,209 wa mwanzo, kisha watoto na wajukuu wao, wamekubali kufuatwa. Na hazina kubwa ya Uingereza iitwayo UK Biobank, yenye watu 500,000, imejaa watu wa asili ya Ulaya. Utafiti wa SIREN wa Nigeria na Ghana, uliolinganisha wagonjwa zaidi ya 2,000 na wazima, ulitaja hata uhaba wa mboga za majani miongoni mwa mambo ya hatari, na mfugaji wa Kajiado asiyekula mboga angependa kujua kama hukumu hiyo yamhusu yeye au la. Hakuna wa kumjibu ila mtu atakayemhesabu yeye.

Pili, na hii ndiyo hoja yao kali kabisa, kiharusi kinanyang'anya usemi. Mgonjwa asiyeweza kunena hawezi kuridhia, na nduguye huenda hayupo. Kanada walilijaribu jambo hili: walipoanzisha daftari la taifa la kiharusi na kudai ridhaa ya kila mgonjwa, waliopatikana mwanzoni walikuwa takriban 39 katika kila 100, na baada ya juhudi kuongezwa, takriban 51. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba walioandikwa walikufa hospitalini kwa asilimia 6.9, na wasioandikwa kwa asilimia 21.7. Daftari la waridhiaji lilikuwa daftari la wenye nafuu. Wangalilitegemea, wangalisema kwamba kiharusi si maradhi mabaya sana. Baadaye sheria ya jimbo la Ontario ikaruhusu daftari hilo kuandikwa pasipo ridhaa ya mmoja mmoja, chini ya masharti makali ya ulinzi.

Udhaifu wa upande huu uko katika dhana yake kwamba taarifa ikikusanywa faida itafuata yenyewe. Historia ya Kajiado haikubaliani nao. Ripoti ya 1931 haikumletea Mmaasai zahanati. Tena wanapenda kutuonyesha Framingham wakasahau kwamba mji ule ulifuatwa na watu waliokaa nao, waliojulikana kwa majina, waliorudi kila miaka michache na majibu ya vipimo mkononi. Uaminifu ule haukutokana na fomu.

Hoja ya wanaotaka zifungwe

Wanaotaka taarifa zifungwe huanza kwa kusema kwamba kufuta jina si kuficha mtu, na hapo wako katika haki. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi Massachusetts, alilichukua daftari la hospitali lililokuwa limefutwa majina, akalilinganisha na orodha ya wapiga kura, na kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta akaitambua kumbukumbu ya matibabu ya gavana wa jimbo, William Weld. Ikiwa gavana alitambulikana miongoni mwa watu wa mji mzima, mwanamke wa miaka 38 aliyepooza upande wa kushoto katika kata ya Kimana, mwenye watoto saba na duka la vitenge, ana maficho gani? Ondoa jina lake. Soko zima litamtaja. Na ikiwa katika safu ya pili ya daftari imeandikwa hali yake ya UKIMWI, madhara hayatapimwa kwa shilingi.

Pili husema kwamba Waafrika wamekwisha kuchezewa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kiliitaka taasisi ya Sanger ya Uingereza irudishe sampuli za chembe za urithi (DNA) za Waafrika kufuatia madai ya kwamba zilikuwa zikielekezwa kwenye biashara ambayo wenyewe hawakuiridhia; Sanger ilikana kukosea, lakini lililobaki dhahiri ni kwamba sampuli zikishavuka bahari, mwenye kuzitoa hubaki mwombaji. Tatu huitaja ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Machi 2025, iliyosema kwamba mfumo wa kompyuta wa afya wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, ambao juu yake SHA imejengwa, haumilikiwi wala hautawaliwi na serikali yenyewe. Maadamu hivyo ndivyo, husema, kumwambia mwananchi kwamba serikali ndiyo mlinzi wa siri yake ni kumdhamini kwa mali ya mtu mwingine.

Hoja hizi ni nzito. Hata hivyo, natija yake, yaani kufunga, haiwafai wale wale inaodai kuwahifadhi. Taarifa za watu wenye nacho hazitafungwa: hospitali za kibinafsi za Nairobi zina kumbukumbu kamili, na wagonjwa wao watahesabiwa, watachunguzwa, watatibiwa kwa ilimu inayowahusu. Atakayefungiwa ni yule wa Kimana, ambaye kwake kukosa kuandikwa si faragha bali ni kutokuwepo. Fauka ya hayo, wengi wa wapinzani huuchukia mpaka wa nchi kuvukwa kana kwamba hatari yote iko ng'ambo. Bali siri ya mwanamke yule itamdhuru zaidi ikivuja kwa karani wa mtaani kuliko ikikaa ndani ya seva ya Atlanta kule Marekani, mahali ambapo hakuna amjuaye.

Sheria, na pengo lake

Kenya si nchi isiyo na sheria katika jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya na za urithi kuwa ni nyeti. Yataka zishughulikiwe na mtoa huduma ya afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kisheria wa kutunza siri. Na kifungu cha 49 chataka taarifa nyeti zisishughulikiwe nje ya Kenya ila kwa ridhaa ya mwenyewe na uthibitisho wa kinga zinazofaa. Utafiti umepewa nafuu fulani, mradi matokeo yasichapishwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Juu ya hayo, mtafiti hana budi kupata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili.

Pengo liko mahali pawili. Adhabu ya Kamishna wa Data haizidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, na inayochukuliwa ni ile iliyo ndogo. Kwa kampuni kubwa, kiasi hicho ni gharama ya kawaida ya biashara. Na sheria yote imejengwa juu ya mtu mmoja mmoja: ridhaa yake, malalamiko yake, fidia yake. Sheria ya Afya ya Kidijitali imejaribu kupanua mtazamo kwa kuziita taarifa za afya kuwa rasilimali muhimu ya taifa, lakini kati ya mtu mmoja na taifa zima haikuweka mtu wa katikati, yaani jamii ya mahali fulani ambayo sifa yake, na aibu yake, hubebwa kwa pamoja. Matokeo yakisema kwamba Wamaasai wa Loitokitok wana urithi fulani wa mishipa dhaifu, atakayeguswa ni hata yule aliyekataa kutia sahihi.

Kupima pande mbili

Watu wa Kimana hawahitaji kufundishwa kwamba kitu cha wote chaweza kumalizika kwa sahihi za mmoja mmoja. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai mashamba ya pamoja ya malisho. Miaka ilipopita yakagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake, na wengi wakauza, kila mmoja kwa hiari yake na kwa bei aliyoiona ni nzuri. Hakuna aliyelazimishwa, lakini njia za mifugo na za ndovu zilikatika. Taarifa za afya zina tabia hiyo hiyo: ya mtu mmoja peke yake haina bei kubwa, na aitoaye hajisikii kupoteza, thamani imo katika mkusanyo, na mkusanyo hauna mwenye kuutetea. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaodhani kwamba fomu ya ridhaa, hata ikitafsiriwa Kimaa kwa ufasaha na kusomwa kwa sauti mbele ya mume na mzee wa boma, inamaliza kazi. Inamaliza dhima ya mtafiti tu.

Lakini siwaungi mkono pia wanaotaka daftari lisiandikwe. Kanada imeonyesha kwamba ridhaa ikifanywa sharti la kila kitu, wanaopotea ni mahututi na bubu. Na Hai imeonyesha kwamba kuhesabu nyumba kwa nyumba kwawezekana katika mazingira yasiyotofautiana sana na ya Loitokitok, bila ya mitambo ya ajabu. Zana nazo hazikosekani. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini walikabidhiwa mikoba yenye kipima shinikizo la damu, pamoja na simu za kuandikia. Wanapita majumbani, wanajua nani amepooza na nani amezikwa. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba wanayoyaandika yataunganishwa kwa ajili ya nani, na chini ya mamlaka ya nani.

Uamuzi huo wataka mambo yatenganishwe badala ya kuamuliwa kwa mkupuo. Habari ya kwamba mtu amepata kiharusi, umri wake, shinikizo lake la damu na mwisho wake, iandikwe kwa kila mgonjwa bila ya kungoja ridhaa, kama vifo vinavyoandikwa, daftari likiwa mikononi mwa taasisi ya umma kama KEMRI, ile ya utafiti wa tiba, pamoja na kaunti, na majina yakihifadhiwa mbali na vipimo na watu walioapa. Hali ya UKIMWI isiingie humo. Itafutwe katika utafiti wa pekee, kwa ridhaa ya pekee, kama ilivyostahili. Damu na urithi visichukuliwe pasipo ridhaa ya mtu na ya jamii yake, na visitoke nchini kwa mafungu. Mgeni anayetaka kuvisoma na aje avisome hapa, kwenye mashine zetu, aondoke na majibu ya hesabu zake tu. Gharama ya njia hii haifichiki: itawachelewesha watafiti, itawafukuza baadhi ya wafadhili, na itaitaka serikali imiliki kwa hakika mitambo ambayo Mkaguzi Mkuu amesema haiimiliki. Na kaunti isiyotoa dawa za shinikizo kwa waliogunduliwa haina haki ya kuendelea kuwapima, kwani kumwambia mtu kwamba atapooza kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni dhuluma iliyovikwa ilimu.

Kwa sharti hilo la mwisho kutangulia yote, daftari la kiharusi la Kajiado liandikwe, tangu Kitengela hadi Kimana, na kila mwaka hesabu zake zisomwe barazani mbele ya watu waliohesabiwa, kabla hazijachapishwa katika jarida lolote; na mtafiti asiyekubali kuketi katika baraza hilo na kuulizwa maswali, awe Mkenya au mgeni, asipewe kibali.